Pawa stelingi: cheki hivi kabla hujalipia gari ya mkononi

Watu wengi wanaonunua gari mkononi hapa Mbeya wanakagua injini, wanakagua bodi, wanawasha redio, wanaendesha kidogo kutoka Kabwe mpaka Uyole, wanarudi wanahesabu hela. Sasa ukiwa spidi 60 kwenye lami stelingi karibu ya kila gari inakuwa nyepesi, hata ile ambayo pampu yake iko njiani kufa, maana tairi zinazunguka na injini imepanda. Ubovu wa stelingi unaonekana gari ikiwa imesimama, injini iko sailensa (imewaka ila hujakanyaga mafuta), na iwe ya baridi. Kwahiyo nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inakuonyesha vitu ambavyo mnunuzi wa Dar havioni.

Kwanza jua ni stelingi ya aina gani. Mark II, Noah za zamani na Hiace nyingi ni za oili, zina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. IST, Vitz na Passo nyingi ni za umeme, na ya umeme haina hata tone la oili ya stelingi, mtu akikwambia inataka kuongezewa, huyo achana naye.

Kwenye ya oili nataka ushike jambo moja. Ile oili haiungui kama ya injini, inatoka kwenye kikopo inaenda kwenye pampu, inasukumwa kwenye reki (ile inayosukuma tairi za mbele zikate kona), inarudi kikopo, basi. Ikipungua ujue imevuja. Sasa muuzaji akisema "hii inataka oili tu bosi", amekwambia mwenyewe kwamba inavuja, kazi yako ni kutafuta wapi. Kama ni kwenye maungio ya paipu au sili (mpira wa kuzuia oili) ya pampu hilo linatengenezeka, lakini kama ni kwenye reki hapo ndo hela inatoka. Inama chini ya gari, kila upande wa reki kuna mpira wenye mikunjo unaofunika tairodi (chuma kinachounganisha reki na tairi), uminye, ukisikia oili inacheza ndani sili za reki zimekwisha. Watu wengi hawagusi hapo kwasababu kwa nje pakavu kabisa. Na ukikuta injini nzima ina vumbi ila kikopo kimefutwa safi na oili iko mpaka juu, jiulize imeongezwa lini.

Iangalie oili yenyewe. Toyota nyingi zinatumia ATF (oili ya gia otomatiki), ambayo mpya ni nyekundu, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua imechoka, ikiwa na chembe zinazometameta ujue pampu inajila. Ikiwa na povu kuna hewa inaingia, mara nyingi ni klipu ya paipu ya kunyonya imelegea, kitu kidogo, ila ukikiacha kinaua pampu. Honda wana oili yao, soma kwenye kifuniko. Na mtu aliyewahi kumimina oili ya breki humo ameshaharibu sili zote.

Ndipo uwashe. Zungusha taratibu kulia mpaka mwisho kisha kushoto, usishikilie pale mwisho zaidi ya sekunde chache maana presha inakuwa juu sana. Mlio wa "uuuu" unaopanda na resi ni pampu au hewa, ukelele mkali wa ghafla ukifika mwisho ni mkanda unateleza, na mkanda ni nafuu jamani usikubali kuuziwa pampu kwa ajili ya mkanda. Nzito sailensa halafu ukipiga resi inalainika: mkanda au pampu imechoka. Nzito upande mmoja tu: hiyo ni reki. Nzito asubuhi kisha ikipata moto inakaa sawa: sili za ndani ya reki, na dalili hii ndo inayofichwa kwa kukupashia gari moto kabla hujafika.

Ya umeme weka swichi on bila kuwasha. Taa ya P/S (pawa stelingi) kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa usifurahi, balbu inaweza kuwa imetolewa. Ikiwaka na kubaki, kabla ya kulaumu mota ya stelingi pima betri na altaneta inayoichaji, umeme mdogo peke yake unatosha kuikatisha. Na ukizungusha mfululizo ikaanza kuwa nzito, iache ipumzike kwanza, inajikinga isiungue.

Ila sio kila uzito ni pawa. Anza na upepo wa tairi, mara ngapi tatizo lilikuwa hapo tu. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, zima injini, zungusha kwa mkono, kama bado inakaza mara nyingi ni boljointi (jointi ambayo tairi inageukia) au jointi ya shafti ya stelingi. Barabarani nenda kwenye kona za kupanda Kawetire, ukitoka kwenye kona legeza mikono kidogo, stelingi inatakiwa irudi yenyewe, isiporudi rudi kwenye hizo jointi.

Ukirudi tandika boksi safi chini ya mbele, acha injini iwake kama dakika kumi huku ukizungusha mara mojamoja. Bei muongee baada ya kulivuta hilo boksi na kuangalia kama lina matone ya oili.