Kabla hujaketi kwenye kikundi cha manusura, muulize maswali anayekiongoza

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kujiunga na kikundi cha manusura wa dhuluma za kingono si pesa wala siku ya kukutana, ni hili: nitalazimishwa kusimulia? Hapana. Hulazimishwi, na ukifika mahali siku ya kwanza ukaambiwa simama utueleze kilichokupata mbele ya watu usiowajua hata majina, chukua mkoba wako uende zako, wala usiwaze ati umewavunjia heshima.

Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, nafanya kazi Mombasa na vikundi vya watu wazima waliobakwa ama walionajisiwa wakiwa wadogo, na hii hofu ya kusimulia ndio inawafungia wengi nyumbani miaka na miaka. Mtu anajua anahitaji msaada, usiku halali, mume akimgusa bega anaruka, lakini akifikiria kukaa kwenye duara na kuyaongea mambo yale mbele ya watu anaona afadhali anyamaze tu. Na nyumbani nako ashaambiwa mara ngapi mambo ya familia yamalizwe kifamilia, wazee wamekaa, maslaha imefanywa, yaani wamesuluhisha nje ya korti, faini imelipwa kwa baba yake, yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza analalaje.

Sasa kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna kikundi cha kusaidiana, hapa manusura wenyewe wanakutana, mara nyingi anayeongoza naye yalimpata, mlango uko wazi unaeza kuja leo ukakosa mwezi ujao, watu wanapeana moyo, wanasindikizana kortini, wengine mpaka wanaanzisha chama cha kuweka akiba. Alafu kuna tiba ya kikundi, hii inaongozwa na mtaalamu aliyesomea, wakiwa wawili ni bora zaidi, watu sita mpaka kumi hivi, walewale kutoka mwanzo mpaka mwisho, wiki nane ama kumi na mbili ama zaidi, kama saa moja na nusu kila kikao, na kila kikao kina kazi yake. Vyote vina faida na wengi wanaanzia kimoja wanaingia kingine. Shida ni pale mtu anaahidiwa hiki anapewa kile, anaenda akitarajia tiba anakuta watu wanasimuliana machungu kwa zamu, kila mtu anarudi nyumbani amebeba ya kwake na ya wenzake.

Kuna utafiti uliofanywa Kivu, mashariki mwa Kongo, ukachapishwa 2013, huwa nautaja kwa kila anayeniambia tiba hii ni ya watu wenye pesa na waliosoma. Walikuwa wanawake zaidi ya 400 walionusurika dhuluma za kingono, vijiji vingine vikapewa tiba ya kikundi na vingine vikapewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Tiba yenyewe ilitokana na ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Patricia Resick wa Marekani, vikao 12, kimoja cha peke yako na 11 vya kikundi, na walioiongoza walikuwa wasaidizi wa jamii wa hukohuko waliofunzwa kazi hio na kusimamiwa, si wenye digrii za saikolojia. Wanawake wengi hawakujua kusoma kwa hio yale makaratasi ya kujaza yakarahisishwa. Na eneo lenyewe halikuwa na amani. Miezi 6 baada ya kumaliza, waliokuwa bado na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ama wasiwasi uliopita kiasi walikuwa 9 kwa mia upande wa kikundi, na 42 kwa mia upande wa pili.

Na hapa sikiliza vizuri: kwenye tiba ile hawakutakiwa kusimulia tukio hatua kwa hatua. Walishughulikia yale mawazo ambayo tukio liliwaachia.

Mawazo hayo nikiyasikia nayajua, manake yanafanana Bukavu kule Kongo na Mombasa na Nairobi. Singepita njia ile. Niliingia nyumbani kwake kwa miguu yangu mwenyewe. Mbona sikupiga kelele. Mwili wangu uliitikia, kwa hio labda nilitaka. Mtu anaishi na sentensi moja hivo miaka ishirini, na mimi nikiwa peke yangu naye ofisini naeza kumwambia mara mia kwamba haikuwa makosa yake, ananiitikia kwa adabu, ndio daktari, asante, moyoni anajua nimelipwa kumwambia hivo. Kwenye kikundi linatokea jambo lingine ambalo nimeliona karibu kila kundi kwa hio simsemi mtu mmoja. Mwenzake anasema, mimi ni makosa yangu, nilinyamaza tu kama gogo. Na huyu ambaye hajafungua mdomo tangu tuanze anainua kichwa, anamwambia dada, mwili huganda, ungefanya nini na wewe ulikuwa mtoto, mbona unajihukumu. Kisha ananyamaza. Kama kiongozi wa kikundi hapo sisemi kitu, nangoja, manake ameshasikia alichosema na kinamhusu yeye pia. Na ni kweli mwili huganda, mtu akiona hakuna pa kukimbilia misuli inakaza na sauti inakatika, si uamuzi na wala si kukubali.

Hiyo ndio sababu napigania vikundi hata kwa wale wanaodai hawawezi. Lakini si kikundi chochote, na ndio maana nasema uliza kwanza, piga simu ama omba muonane kabla. Kiongozi mzuri atataka kuonana na wewe peke yako kabla hajakuingiza, na asiyetaka huyo mimi simwamini. Muulize amesomea wapi, na kwa Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwa hio kumuuliza mtu kama amesajiliwa si ufidhuli. Muulize kikundi ni cha kina nani, wanawake peke yao, wanaume, waliodhulumiwa utotoni ama ukubwani. Muulize anafanya nini mtu akizidiwa katikati ya kikao, akianza kutetemeka ama akaona yale mambo kama yanatendeka saa hii. Akikujibu ati tunaomba tu, basi omba nao siku nyingine. Sina neno na maombi, wengi wa watu wangu yanawashikilia, lakini mtu ambaye ameondoka mwilini mwake anahitaji mwenye ujuzi wa kumrudisha taratibu, weka nyayo chini, shika kiti, niambie vitu vitano unavyoviona humu chumbani. Na pia akikwambia kabla ya yote lazima umsamehe aliyekutendea, hapo toka. Kusamehe ama kutosamehe ni kwako, si ada ya kuingilia.

Siri nayo. Kila mtu ataahidi siri, lakini uliza wanaahidije. Sisi siku ya kwanza tunalizungumza kwa mifano ya hapahapa: ukikutana na mwenzako kwenye feri ya Likoni yuko na mamamkwe wake unafanya nini, unamsalimia ama unapita, na ukiulizwa mnajuana wapi unasema nini. Kila mtu anasema anavyotaka kufanyiwa na tunakubaliana. Mji huu ni mdogo jamani. Na kiongozi akwambie mapema ni lini yeye mwenyewe hataweza kunyamaza, kwa mfano kuna mtoto yuko hatarini ama wewe unataka kujidhuru, hio usiigundue baadaye. Kwa vikundi vya WhatsApp mimi huwa mgumu kidogo, vinasaidia walio mbali na walio kazini Saudia na Oman ambao hawana pa kwenda, lakini simu inashikwa na watu wengi, skrinishoti inachukua sekunde moja, kwa hio jina la kikundi liwe la kawaida, picha zizimwe, meseji zijifute, na stori zenyewe zisiandikwe mle.

Kuna wengine huwa nawaambia ngoja kidogo, tuanze mimi na wewe kwanza. Kama bado unaishi nyumba moja na anayekudhulumu, jambo la kwanza ni usalama. Kama kila siku unafikiria kujiua, ama pombe ndio inakulaza, kikundi kitakuelemea saa hii. Hujakataliwa, zamu yako inakuja.

Na kama yaliyokupata ni ya juzi ama leo, wacha habari ya kikundi kabisa, nenda hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na ukienda mapema ndio bora, za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Usioge kama unaweza kuvumilia, nguo uziweke kwenye karatasi ama bahasha ya khaki, sio mfuko wa plastiki. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, na kutibiwa hakungoji uende polisi kwanza.

Sasa wapi. Kwa Kenya piga 1195, ni bure, ndio simu ya dhuluma za kijinsia, waulize waziwazi kama wanajua kikundi karibu na kwako. Hapa Mombasa hospitali ya Coast General ina kituo cha manusura, Nairobi kuna kituo cha hospitali ya Nairobi Women's kilichoanza 2001, na Wangu Kanja, ambaye mwenyewe ni manusura na amelisema hadharani, ana shirika tangu 2005 linalounganisha manusura wa kaunti mbalimbali. Tanzania anzia dawati la jinsia la polisi ama vile vituo vya mkono kwa mkono, unakopata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, Unguja kipo hospitali ya Mnazi Mmoja. Akiwa ni mtoto piga 116, Kenya na Tanzania ni namba hiyohiyo, na mtoto asiwekwe kwenye kikundi cha watu wazima hata akiwa na miaka kumi na saba na mrefu kuliko mama yake.

Ndugu zangu wanaume, nyinyi mnanipa kazi. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inawalinda kama mtu mwingine yeyote, lakini vikundi vyenu ni vichache mno na mkija mnakuja mmoja mmoja, wengi na malalamiko mengine, mgongo, hasira, ndoa. Ukiambiwa hakuna kikundi cha wanaume, muombe kaunsela akuandike jina, mimi nikipata watatu wanne naanza.

Na jambo moja kwa anayeanza wiki hii. Baada ya kikao cha kwanza ama cha pili usingizi unaeza kuharibika zaidi ya ulivyokuwa, ndoto zikarudi, ukamfokea mtoto bila sababu. Wengi hapo ndio wanaacha. Panga mapema: usiweke kikao siku yenye shughuli nzito, tafuta mtu mmoja wa kukaa naye jioni hata kama hajui ulikotoka, na hali ikiendelea hivo zaidi ya wiki moja mbili usisubiri kikao kijacho, mpigie kiongozi wako.