Oili nyeusi si lazima iwe imekwisha
Wenye lori jipya wengi huchomoa stiki ya kupimia oili, wakiona oili nyeusi wanaimwaga. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi yasigande kwenye vyuma. Hiyo ndiyo kazi yake.

Badala ya rangi, hesabu saa injini inazowaka. Lori linalonguruma limesimama saa 3 kwa siku, foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, au getini bandarini, linachosha oili bila kilomita kusogea. Kadiria saa moja kuwa kilomita 50: kwa siku 26 ni kilomita 3,900 zisizoonekana kwenye dashibodi! Fuata ratiba ya kubadili oili kwa kazi ngumu iliyo kwenye kitabu cha gari, na filta ubadili pamoja. Oili ikizidi alama ya juu ya stiki na kunuka dizeli, au ikiwa kama maziwa, zima injini, ita fundi.