Majani Makavu Kwenye Karatasi: Yanayosemwa na Yalivyo

Mwambie muuza mboga wa Soko la Majengo, Dodoma, kwamba kuna watu kazi yao ni kutunza majani makavu, atakuuliza: "Ya dawa gani?" Si ya dawa. Hebaria, iwe ile ya Taifa iliyoko Arusha au ya kisiwani Mauritius iliyoanzishwa 1960, ni maktaba ya mimea. Tawi lenye maua au matunda hubanwa katikati ya magazeti, likikauka hubandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo; hiyo ndiyo sampuli. Mali ni hiyo lebo. Bila kuandikwa lilichumwa wapi, lini na nani, tawi linafaa kuwashia moto tu.

"Majina tunayajua, sampuli za nini?" Haya, tuchukue mlenda. Fungu moja sokoni laweza kuwa ufuta-mwitu, la jirani Ceratotheca, na mgeni kutoka mkoa mwingine akakuapia kwamba mlenda ni Corchorus. Kwenye ugali wote unateleza. Porini ni mimea tofauti. Anayelalamika kwamba "mlenda unapungua" bila sampuli mkononi, bado hajatuambia upi.

"Dodoma na Singida ni ukame mtupu, mimea ya kutafitiwa iko Usambara na visiwani." Wengi wa wasemao hivi walipita Itigi kwa treni mwezi wa Septemba, wakaona fito za kijivu pande zote. Kichaka kile hakijafa, kimepukutisha majani kikisubiri mvua. Uoto wa aina hiyo kwingine uko kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa. B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika utafiti wa mbung'o, alikusanya sana kanda hii, hata jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya hapa ikaitwa Burttia. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Sehemu kubwa ya kichaka imefyekwa kwa mashamba, na anayetaka kujua nini kiliota pale huanzia kwenye lebo za watu kama yeye.

"Watafiti ndio wanaomaliza miti." Kwa tawi moja? Tanuru la mkaa liulizwe kwanza.



"Mmea ukishaingia hebaria, umeokolewa." Hapana, sampuli kavu haipandwi ikaota. Kisiwani Rodrigues, nchini Mauritius, ndugu mmoja wa kahawa, Ramosmania rodriguesi, alidhaniwa ametoweka mpaka mwanafunzi alipoona mti mmoja, karibu 1980. Watu wakaanza kuukata kwa ajili ya dawa, ikabidi uzungushiwe uzio. Vipandikizi vilipelekwa Kew, bustani ya mimea huko Uingereza, vikachanua miaka mingi bila kuzaa. Mbegu zilipopatikana hatimaye, nyingine zilirudishwa Rodrigues zikapandwa.