Maana na matumizi ya kitenzi "fupisha"

Kitenzi "fupisha" kimetokana na kivumishi "-fupi", na maana yake ya msingi ni kukifanya kitu kiwe kifupi kuliko kilivyokuwa. Nguo hufupishwa, hotuba pia. Kinapohusu maneno, hata hivyo, kitenzi hiki hubeba maana mahususi zaidi: kuliwakilisha neno, jina au fungu la maneno kwa herufi au silabi zake chache, huku maana ikibaki ileile. Ndivyo "na kadhalika" inavyofupishwa kuwa "n.k.", na ndivyo silabi za "Upungufu wa Kinga Mwilini" zilivyotupatia "UKIMWI", kifupisho kilichozoeleka hata wengi hukichukulia kama neno la kawaida.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni mpangilio wa sentensi. Kinachofupishwa ni umbo refu. Umbo fupi ni matokeo, nalo hutanguliwa na "kuwa". Kwa hiyo ni sahihi kuandika, "Jina Baraza la Kiswahili la Taifa hufupishwa kuwa BAKITA." Si sahihi kuandika, "BAKITA imefupishwa Baraza la Kiswahili la Taifa," kwa kuwa sentensi hiyo inalifanya tokeo kuwa ndilo lililofupishwa, na msomaji asiyelijua baraza hilo ataachwa gizani. Anayependa kuanza na umbo fupi atumie nomino: "BAKITA ni kifupisho cha Baraza la Kiswahili la Taifa."

Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki hunyambulika bila taabu. Tunasema, "Mhariri alilifupisha neno 'Profesa' kuwa 'Prof.' ili kichwa cha habari kienee katika mstari mmoja," au, "Tafadhali nifupishie jina hili, maana haliingii kwenye fomu." Kuhusu jina ambalo likikatwa halieleweki tena, tunasema kwamba halifupishiki.

Kufupisha maneno kusichanganywe na kufupisha habari. Swali la mtihani linaposema, "Fupisha habari hii kwa maneno 50," linadai muhtasari, yaani hoja kuu zilizoteuliwa na kuunganishwa upya kwa sentensi kamili. Mwanafunzi anayeinakili habari yote huku akiandika "k.m." badala ya "kwa mfano" na "k.v." badala ya "kama vile" amefupisha maneno tu, habari yenyewe bado hajaifupisha.