Athi ya fensi ya umeme: kazi yake na namna ya kuifunga

Athi ndiyo njia ambayo umeme wa fensi hurudia kwenye mashine. Mashine hutoa pigo moja kila baada ya sekunde moja hivi. Mbwa koko au ngawa anayewinda kuku akigusa waya, pigo humpitia mwilini, likashukia miguuni, likapita ardhini hadi kwenye vyuma vya athi na kurudi lilikotoka. Njia hiyo ikikatika mnyama hasikii kitu, sawa na kunguru anayetua juu ya waya bila kugusa chini.

Wengi hununua mashine kubwa, kisha wakaifunga kwenye kipande kimoja cha nondo. Hizo ni pesa za kutupa. Anza na vyuma vitatu vilivyopakwa zinki, kila kimoja cha mita 2, vikiachana mita 3, vyote vikiungwa kwa waya wa zinki na kukazwa kwa klampu. Usiuzungushe waya kwa mkono tu: hewa ya bahari ina chumvi, na kutu huingia pale pale kwenye kiungo, chuma kikaonekana kizima kumbe umeme haupiti. Waya wa shaba pia usiutumie, maana ikigusana na zinki, zinki huliwa upesi. Athi hii ikae mita 10 au zaidi kutoka athi ya stima ya nyumba.

Mombasa tatizo kubwa ni ardhi yenyewe. Penye mwamba wa matumbawe chuma hakipigiki. Chimba mtaro, ukilaze, ukifukie kwa udongo wa mfinyanzi na kuumwagilia. Penye mchanga, fensi iliyokuwa kali wakati wa masika hupoa kaskazi inapokausha ardhi. Ongeza vyuma, tena mahali penye unyevu, kama yanapopita maji ya bafuni. Halafu pishanisha nyaya: mmoja wa moto, yaani wenye umeme, unaofuata umeungwa na athi. Anayejipenyeza katikati atagusa zote mbili, mchanga uwe mkavu namna gani.

Kupima, zima mashine, nenda mita 100 kutoka kwenye athi, uegemeze vipande vingine vya chuma vinavyogusa ardhi kwenye waya wa moto mpaka, ukiwasha, volti zishuke chini ya 2,000. Sasa pima kwa mita ya fensi, yaani kifaa cha kupimia volti, kati ya chuma cha mwisho cha athi na kijiti cha chuma kilichochomekwa mita 1 pembeni. Zikizidi volti 300, athi haitoshi: ongeza chuma kingine, upime tena.