Wanawake hawakusubiri 1982
Wengi huamini riwaya kavu za upelelezi za Marekani ("hardboiled", zinazosimulia uhalifu bila kuupamba) zilikuwa za wanaume pekee hadi 1982, Sue Grafton na Sara Paretsky walipoleta wapelelezi wao wa kike. Si kweli. Marcia Muller alishamtoa mpelelezi wake wa kike, Sharon McCone, mwaka 1977, na Leigh Brackett alichapisha riwaya ya aina hiyo mwaka 1944.

Lakini wa kusomwa kwanza, kwa kweli, ni Dorothy B. Hughes. Katika riwaya yake In a Lonely Place (1947) tunakaa kichwani mwa muuaji, Dix Steele, ila mauaji yenyewe hatuonyeshwi. Rafiki yake Brub ni mpelelezi wa polisi Los Angeles, wanakunywa pamoja, na mwanzoni Brub hashuku kitu. Mkewe Brub, Sylvia, ndiye anayemshtukia mapema, kwa kumtazama tu.