Appalachian State haikubahatisha

Wengi husema Appalachian State, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, ilikuwa kibonde iliyobahatisha kuifunga Michigan 34-32, Septemba 1, 2007. Kibonde wapi! Ilitoka daraja la chini la futiboli ya vyuo vikuu Marekani, sawa, lakini ilikuwa bingwa wa daraja hilo 2005 na 2006, na msimu huohuo ikabeba tena. Hadi mapumziko iliongoza 28-17, ugenini, mbele ya watu zaidi ya 100,000, dhidi ya timu ya 5 kitaifa. Armanti Edwards, kiongozi wa mashambulizi wa Appalachian, na wenzake waliwakimbiza mabeki wa Michigan wakahema. Sekunde za mwisho Michigan wakapiga mpira upite kati ya milingoti, washinde. Corey Lynch wa Appalachian akapenya, akauzuia, akauokota na kutimua mbio huku muda ukiyoyoma.